Mjadala: Michango ya vijana wetu inunue baiskeli za kaboni za mtumba au za alumini mpya?

Mleta hoja, Mtwara Mjini

Ndugu zangu, kikao cha Jumamosi kilivunjika bila uamuzi, na kwa kuwa fedha zinazobishaniwa ni za kila aliyechangia, wala si za waliohudhuria peke yao, naona ni haki hoja iletwe mbele ya wote. Michango iliyokusanywa kwa ajili ya vijana sita wanaojiandaa kwa mbio za barabarani inatosha kununua kimojawapo kati ya viwili: baiskeli sita za alumini ambazo hazijatumiwa na mtu, au baiskeli sita za kaboni za mtumba zinazoshushwa Dar es Salaam kutoka Ulaya. Vijana wenyewe, karibu wote, wanataka kaboni. Mimi nataka alumini, na naomba nieleze sababu, maana sababu zangu si zile zinazosikika vijiweni.

Kijiweni husemwa kwamba kaboni ni plastiki, kwamba italegea kwenye jua letu la mwezi wa kumi na moja, na kwamba shimo moja la barabara ya Masasi litaikata vipande viwili. Hayo si kweli. Fremu ya kaboni ni nyuzi nyembamba mno, zenye unene wa mikromita 5 hadi 7, yaani mara kumi hivi chini ya unene wa unywele, zilizolazwa tabaka juu ya tabaka ndani ya gundi ya epoksi na kuivishwa kwa joto katika kalibu. Anayeiunda ndiye anayeamua nyuzi zielekee wapi: huzipanga ili fremu iwe ngumu pale mguu unapokandamiza pedali, na iwe na unyumbufu kidogo chini ya kiti, jambo ambalo bomba la chuma haliwezi kulifanya kwa urahisi huo. Ukiona vyaelea, vimeundwa, na hiki kimeundwa kwa akili nyingi.

Tena katika mtikisiko wa kila siku kaboni huwashinda wenzake. Alumini haina kiwango cha mzigo ambacho chini yake haichoki kabisa. Kila tuta na kila shimo linaandikwa kwenye hesabu yake, hata kama hesabu hiyo inachukua miaka mingi kufungwa. Chuma kina kiwango hicho, na ndiyo maana Phoenix za babu zetu bado zinabeba magunia ya korosho. Kaboni iliyoundwa vizuri huvumilia mizigo inayojirudia kwa muda mrefu sana. Kwa hiyo anayesema haidumu hajaielewa.

Udhaifu wake uko kwingine, nao ni pigo. Fremu ikiangukia ukingo wa jiwe kwa ubavu, ikabanwa kwa kamba katika kontena chini ya baiskeli nyingine mia, au ikakazwa na mtu asiyejua kipimo, tabaka za ndani zinaweza kuachana huku rangi ya juu ikibaki inang'aa. Chuma kikiumia hupinda, na mwenye macho huona. Kaboni hukaa kimya mpaka siku ya kukatika. Sasa tunapozungumzia mtumba, tunanunua fremu ambayo historia yake hatuijui, kutoka kwa muuzaji ambaye naye haijui, ili tumpandishe mtoto wa mwenzetu anayeshuka mlima kwa kilomita 60 kwa saa. Hapo ndipo mimi ninapokwama.

Faida tunayoifukuza nayo ni ndogo. Fremu nzuri ya kaboni ina uzito wa kilo moja hivi, na ya alumini ina kilo moja na gramu mia tatu hadi mia tano. Tuseme tofauti ni gramu 400, ambayo haifiki nusu lita ya maji katika chupa. Kijana wa kilo 60 juu ya baiskeli ya kilo 9, akipanda mlima kwa nusu saa nzima, ataokoa kama sekunde kumi. Kwenye lami ya Mtwara hadi Mnivata, kilomita 50 ambazo sehemu kubwa mpinzani wako ni upepo, hataokoa chochote cha kuhesabika.

Mchangiaji wa Shangani

Kaka, umeeleza vizuri, lakini umeisahau bahari. Mimi naishi mita chache kutoka ufukweni, na nimetumia fremu ya kaboni ya mtumba kwa miaka mitano. Kabla ya hapo nilikuwa na ya chuma, na kutu iliila kutokea ndani, kwenye bomba la chini, ambako maji ya mvua yalituama bila mimi kujua. Niligundua siku kidole changu kilipozama. Kwa hiyo hata chuma, unachokisifu kwamba husema kinapoumia, kilininyamazia.

Kaboni haishiki kutu. Katika mji ambao hewa yenyewe ni chumvi, hilo si jambo la kupitwa haraka namna hiyo. Na historia unayoiogopa, mbona hatuiogopi kwenye magari? Karibu kila gari dogo linalopita mbele ya nyumba yangu lilitumika Japani kwanza, na tunawapakia watoto humo kila asubuhi.

Fundi wa Chikongola

Shikamooni wakubwa. Ninyi mnabishana juu ya fremu, mimi naziona zikiwa zimefunguliwa, kwa hiyo naomba niongeze mawili ambayo hayajasemwa.

La kwanza ni kwamba kaboni haishiki kutu, ila inamlisha jirani yake. Kaboni inapogusana na alumini mahali penye maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa, kwa sababu viwili hivyo pamoja vinafanya kazi kama betri. Mwaka jana nililetewa fremu ambayo bomba lake la kiti, yaani nguzo inayobeba kiti na kuzama ndani ya fremu, lilikuwa la alumini na halikuwa limetolewa tangu linunuliwe. Halikutoka. Tulilimwagia mafuta ya kupenya usiku kucha, tukalizungusha na mwenzangu huku mmoja ameshika fremu kwa matambara, na kilichotoka ni unga mweupe uliokuwa umejaa katikati kama chokaa ya kutafunia tambuu. Mwishoni nililikata kwa msumeno kutokea ndani, vipande vidogo vidogo, kazi ya siku mbili. Jasho la mwendeshaji na hewa ya hapa ndivyo vilivyofanya hayo. Kaka wa Shangani, toa bomba lako la kiti wiki hii, ulifute, ulirudishe. Likiwa la alumini au la kaboni, usipake grisi ya kawaida. Kuna mafuta yake mazito yenye chembechembe yanayolifanya lishike bila kukazwa kupita kiasi.

La pili ni kukaza. Boliti nyingi za usukani na kiti kwenye fremu hizi zimeandikwa kipimo cha mkazo, mara nyingi nyutoni-mita 5 au chini ya hapo, yaani mkazo mdogo tu. Mkono uliozoea kukaza boliti za pikipiki unapita kipimo hicho kabla haujahisi chochote. Ninazo fremu mbili bandani zilizopasuka penye kibano cha kiti, na hakuna hata moja iliyowahi kuanguka. Spana ya kupimia mkazo hapa mjini naijua moja, ni yangu, na huwa naiazima kwa shingo upande.

Kuhusu kukagua, zipo njia, ingawa si kamili. Mimi hufungua kila kitu, naosha, namulika kwa tochi kutoka pembeni, kisha nagonga kwa sarafu ya shilingi mia mbili kidogo kidogo kuanzia shingo ya fremu hadi penye ekseli ya pedali. Palipo pazima panalia ti, ti, ti, mlio mkavu. Palipoachana panajibu kwa mlio mzito, kama umegonga boksi lenye unga. Lakini unene wa fremu haufanani kila mahali, hivyo mlio nao hubadilika bila kosa, na kwa sababu hiyo lazima ulinganishe upande wa kulia na wa kushoto mahali palepale. Stika ikibandikwa mahali pasipo na maana yoyote, mimi huibandua kwanza kabla ya kuuliza bei.

Mchangiaji wa Newala

Nimesoma hesabu ya sekunde kumi nikacheka, maana aliyeipiga amezoea tambarare za pwani. Sisi huku juu ya uwanda wa Makonde baiskeli ni chombo cha madumu ya maji, na mtoto anayeamka alfajiri kuisukuma hadi bondeni na kurudi ana miguu ambayo hakuna kocha aliyemfundisha. Mtoto huyo akifika kwenye mstari wa kuanzia na kukuta wa mikoa mingine wamekaa juu ya kaboni, hashindwi na gramu 400, anashindwa kabla ya filimbi.

Mvuto wa kitu nao ni nguvu. Tangu mwaka 1986, Mmarekani Greg LeMond aliposhinda Tour de France, mbio kubwa za baiskeli za Ufaransa, akiwa na fremu ya Look yenye mabomba ya kaboni, na hasa tangu mwaka 1992 Mwingereza Chris Boardman alipochukua dhahabu ya Olimpiki mjini Barcelona na Lotus yake nyeusi isiyofanana na baiskeli yoyote, kaboni imekuwa ndiyo alama ya mtu anayekimbia kushinda. Shirikisho la dunia la mbio za baiskeli, UCI, lilibidi liweke uzito wa chini wa baiskeli wa kilo 6.8 mwaka 2000, yaani watu wameukimbilia wepesi mpaka wakawekewa ukuta. Vijana wetu wanaziona picha hizo kwenye simu. Msiwaambie kwamba haja yao ni ushamba.

Mtengeneza boti wa Mikindani

Mimi si mtu wa baiskeli, ila nimechangia elfu ishirini, kwa hiyo nina neno.

Boti zetu za faiba ni ndugu wa hicho mnachokiita kaboni: kitambaa cha nyuzi na gundi. Boti ikigonga mwamba hatuitupi. Tunasaga tabaka zilizokufa kwa mteremko mpana, kama ngazi, mpaka tufike palipo hai, kisha tunalaza kitambaa kipya na kukisugua. Fremu ya kaboni inatengenezwa kwa kanuni hiyohiyo, na kwenye nchi zenye mafundi wake ni biashara ya kawaida. Lakini msije mkaniletea kesho. Gundi ya poliesta tunayoitumia kwenye boti sio epoksi, kitambaa cha kaboni hakiuzwi hapa Mikindani, na boti ikivuja tunakinga maji kwa ndoo huku tukirudi pwani, jambo ambalo mpanda baiskeli hana.

Swali langu kwa mleta hoja ni hili: alumini ikipasuka, mtaichomelea na nini? Mafundi wa kuchomelea wa mjini wanaweza chuma. Alumini ya fremu imepewa ugumu wake kwa joto la kiwandani, na ukiichomelea ovyo ugumu huo unapotea palepale penye mshono.

Mleta hoja

Mzee wangu wa Mikindani umenishika. Kikaoni nilisema alumini ni rahisi kutengenezeka hapa, na hapa nalifuta neno hilo. Ikipasuka ni ya kutupa. Hoja yangu inabaki moja, ya historia: baiskeli mpya haina pigo lililofichwa chini ya stika. Mfano wa magari, kaka wa Shangani, ni mzuri lakini haunitoshi, kwa sababu gari la mtumba lina mafundi mia mjini wanaojua kulisikiliza, na kaboni ina mmoja.

La Newala sina jibu lake. Nimelala nalo usiku, na nimeona kwamba nilipiga hesabu ya mlima nikaacha ya moyo.

Basi napendekeza hivi, na wachangiaji waseme. Tununue nne za alumini mpya kwa wanaoanza, ambao wataanguka, maana kuanguka ni sehemu ya kujifunza. Mbili ziwe za kaboni, wapewe wale wawili ambao tayari wanajua kukaa ndani ya kundi bila kugusana magurudumu. Fedha ya spana ya kupimia mkazo na mafuta ya bomba la kiti itengwe kabla ya jezi. Na hizo mbili zisilipiwe mpaka fundi wetu azifungue mbele ya muuzaji, bomba la kiti likiwa nje. Muuzaji atakayekataa, tumwache na mzigo wake. Fundi, basi la Dar linaondoka alfajiri ya Alhamisi. Nauli tutalipa sisi. Utakuja?

Fundi wa Chikongola

Nitakuja na tochi na mia mbili yangu. Spana inabaki nyumbani.