Nina laki 6 ya muziki wa sebuleni, nianze na spika, amplifaya au bluetooth?

Msikilizaji_Tanga:
Wakuu heshima kwenu. Naombeni ushauri mapema kabla hii hela haijaliwa na ada za watoto. Nina muziki wangu wa sebuleni, amplifaya ya Kijapani ya zamani wati 40 kila upande niliachiwa na mzee, spika mbili za boksi la mbao wufa (ile spika kubwa ya besi) inchi 8 nazo ni za umri huohuo, halafu napigia kwa simu kupitia kile kibluetooth cha kuchomeka nyuma. Sitafuti mdundo wa kutikisa madirisha ya jirani, mimi ni mtu wa taarab asilia na dansi la zamani, watoto wakishalala nakaa pale nataka nisikie ganuni na fidla kila moja mahali pake. Sasa shida ni kwamba besi nyembamba mno, sauti ya mwimbaji haikai katikati yaani inaelea tu chumba kizima hujui inatokea wapi, na ukiongeza volyumu upande wa kushoto kuna mkwaruzo. Rafiki yangu anasema amplifaya imechoka badilisha, muuza duka anasema spika, kijana wangu anasema bluetooth ndo inaharibu. Vyote sivimudu kwa mpigo. Nianze na kipi?

PwaniSauti:
Spika mkuu. Hela kubwa iende kwenye spika siku zote. Amplifaya mbili nzima ukizipiga kwa sauti sawa na hujazizidishia mzigo, tofauti yake wengi wetu hatuisikii, ila spika mbili tofauti hata mtoto wa darasa la pili atakwambia hii siyo ile. Na hizo wati 40 zinakutosha kabisa, usiku sebuleni pengine hutumii hata wati 1 muda mwingi. Amplifaya ya NAD 3020 ilitoka 1978 imeandikwa wati 20 tu kila upande na mpaka leo watu wanaisaka. Ukienda dukani usiangalie wati zilizobandikwa kwenye boksi, tafuta namba ya desibeli, yaani spika inatoa sauti kubwa kiasi gani kwa nguvu ileile, spika ya 86 inataka nguvu mara 4 ili ifikie sauti ya spika ya 92. Halafu angalia ome, yaani ukinzani wa spika kwa umeme wa amplifaya. Kama nyuma ya amplifaya yako pameandikwa 8 hadi 16 basi spika za ome 4 ziache hapohapo dukani, utaichemsha.

FundiWufa:
Mkuu Msikilizaji usitoe hata mia kwanza. Mimi kazi yangu ni hizi spika na maelezo yako nimeyarudia mara mbili, besi nyembamba, mwimbaji haonekani alipo, hiyo kwangu inanuka waya uliogeuzwa. Spika moja ikifungwa chanya kwenye hasi basi koni moja, ule uso wa spika unaotetema, inasukuma nje wakati mwenzake inavuta ndani, besi za pande mbili zinauana hewani, unabaki na sauti nyembamba isiyo na makao. Zima amplifaya, nenda kwenye spika MOJA tu ugeuze nyaya zake, washa, piga wimbo uleule kwa volyumu ileile. Besi ikirudi umepata jibu. Usiamini rangi za waya wala za tundu, kama boksi limewahi kufunguliwa na mtu huko ndani anaweza kuwa alizigeuza. Betri ya rimoti ya volti 1.5 itakwambia ukweli, chomoa spika kwenye amplifaya, gusisha betri kwa nukta moja tu, koni ikiruka kuja nje basi waya ulioshika chanya ya betri ndio chanya.
Na huo mkwaruzo wa kushoto, toa kitambaa cha mbele uangalie sponji inayozunguka koni. Ya umri huo na joto letu la pwani na unyevu mara nyingi inakuwa imeshaoza, ukiigusa inameguka na kubaki kwenye kidole kama masizi yenye gundi. Hiyo inabadilishwa, spika haitupwi.

MamaNuru:
Mbona hamjamuuliza spika ameziweka wapi? Kaka kama ziko ndani ya kabati la TV au moja imebanwa kwenye kona, hata ununue za milioni tatu utalalamika hivyohivyo. Mimi sebule yangu sakafu ya malumalu, kuta za simenti tupu, vidirisha viwili, ukipiga makofi unasikia yanajibu. Niliweka zulia na mapazia mazito, spika nikazisogeza mbele ya ukuta kama hatua moja, twita, zile spika ndogo za sauti kali, zikawa usawa wa masikio yangu nikiwa nimekaa. Sikununua kifaa chochote na nilianza kusikia pumzi ya mwimbaji kabla hajaingia kwenye beti.

Abu_Zahra_Muscat:
Salaam alaykum jamaa. Kijana wako hajakosea sana, bluetooth inabana sauti, ila haiwezi kukwaruza upande mmoja peke yake wala kumpoteza mwimbaji. Jaribu waya wa AUX kutoka kwenye simu usikie mwenyewe. Kinachoumiza zaidi ni mafaili yaliyoshushwa mtandaoni yakabanwa, yakatumwa kwa mtu akayabana tena, fidla ikifika kwako inasikika kama inapigwa ndani ya debe, na hapo hakuna amplifaya ya kukuokoa. Tafuta CD au faili ambalo halijabanwa.
Jambo jingine, ukija kuamua amplifaya ya mtumba, geuza nyuma usome volti kabla ya kulipa. Zilizotengenezwa kwa soko la Japani lenyewe ni za volti 100, ukiichomeka kwenye 230 ya huko nyumbani inaungua palepale. Za huku Oman ni 240, hizo hazina taabu.

Msikilizaji_Tanga:
Wakuu nimerudi. Jana baada ya isha nimefanya yote. Spika ya kulia nimegeuza waya na besi imekuja kama mtu kafungua mlango, mwimbaji amesimama katikati kabisa mpaka mke wangu ametoka chumbani kuuliza nimenunua nini. Miaka yote tangu mzee yuko hai tumekuwa tukisikiliza vile jamani, imeniuma. Kushoto nako ni kama alivyosema fundi, sponji imekatika nusu mzunguko na kidole kimetoka cheusi. Waya wa AUX tofauti nimeisikia ila ndogo, kwenye ganuni pale anapocharaza juu. Fundi, niweke sponji hiyo moja au zote mbili? Na spika mpya alizosema PwaniSauti, bado ninunue?

FundiWufa:
Zote mbili, ya kulia nayo ni ya umri uleule haitafika mbali. Ukiagiza pima koni yenyewe kwa rula, usiseme tu inchi 8, maana pete za sponji hazilingani. Spika mpya subiri, zisikilize hizo miezi miwili zikiwa nzima ndo ujue unapungukiwa nini. Mapazia ya MamaNuru anza nayo wiki hii.

Msikilizaji_Tanga:
Sawa fundi, kesho nazitoa wufa nizipime.