Friza ya maabara: ya kulala au ya kusimama?

Mtudor: Salaam wakuu. Twataka baridi ya maabara yetu ndogo ya baolojia hapa Tudor, Mombasa. Fundi asema tununue friza ya kulala ya mtumba, tuitie themostati (kidhibiti joto) ya nje. Mwenzangu ataka mpya ya kusimama, ile isiyoshika barafu. Mie nawaza kuunda sanduku la Peltier, kile kibamba cha umeme kinachohamisha joto bila kompresa. Mwaonaje?

BintiKisauni: Wahifadhi nini? Nyuzi ngapi? Bajeti? Hujatwambia kitu yakhe.

FundiBaridi: Peltier achana nayo. Joto inayolitoa ndani lazima ilitupe nje, na nje kwenyewe ndiko huku kwetu, mwezi wa tatu! Utakula stima bure. Chukua ya kulala: hewa baridi ni nzito, ukifungua hubaki chini. Ya kusimama yote yakumwagikia miguuni.

MamaSlaidi: Isiyoshika barafu hujipasha moto yenyewe kila mara ili iyeyushe. Vimeng'enya vyataka -20 iliyotulia. Haifai.

Saidi_K: Ngojeni niwape yaliyonipata. Chuoni tulitia themostati ya nje kwenye friza ya kulala ili ikae nyuzi 4. Miezi miwili raha mustarehe. Ijumaa moja mtu akafungua kutoa kitu, sensa, kile kipima joto cha themostati, ikavutwa na kifuniko, ikabaki yaning'inia nje. Ikawa yasoma joto la chumba, kompresa haizimi. Jumatatu nafungua: chupa za agari ya kuoteshea bakteria zimepasuka, damu ya kondoo imekuwa tofali. Na damu ikishaganda seli zimekwisha kupasuka, hata ukiiyeyusha ni maji mekundu tu. Siku hizi sensa naizamisha kwenye chupa ya maji na gliserini, waya naubandika kwa gundi.

FundiBaridi: Hilo si kosa la friza. Ni kosa la fundi.

Saidi_K: Fundi alikuwa mie.

BintiKisauni: 😂 Na stima ikipotea?

MamaSlaidi: Jaza nafasi kwa chupa za maji ya chumvi. Gramu 100 kwa lita, yaanza kuganda kama nyuzi -6.

FundiBaridi: Chumvi ikivuja italila bati lote. Bahari haitutoshi?

Mtudor: Samahani, nilisahau. Ni RNA, zile molekuli zinazobeba ujumbe wa jeni, daktari ataka nyuzi -80.

FundiBaridi: Lo! Hiyo kwa kawaida ni kompresa mbili zinazopokezana baridi. Friza ya nyumbani haifiki hata uiimbie.

MamaSlaidi: Kuna dawa za kuihifadhi RNA, ikakaa -20. Muulize daktari kwanza.

Pweza_Kongowea: Mie ninayo ya kulala, lita 300. Ilikuwa ya samaki. Harufu itatoka.

Mtudor: Bei?