Naomba ushauri: nimechoka kuendesha kampeni yetu ya Dungeons & Dragons

Msimulizi_wa_Jumamosi
Ndugu wanajukwaa, salaam. Kwa miaka mitatu sasa nimekuwa msimulizi wa kundi letu hapa Nairobi katika mchezo huu wa mezani wa kuigiza wahusika, yaani mimi ndiye ninayeandaa na kuongoza kisa kirefu tunachokiita kampeni, nikiwa na wachezaji watano wanaokutana sebuleni kwangu kila Jumamosi alasiri. Wahusika wao walianza ngazi ya kwanza ya uwezo. Leo wapo ngazi ya 13, na mimi nimeishiwa nguvu. Kikao kimoja hunila jioni tatu za maandalizi baada ya kazi, na siku hizi, kila ifikapo Alhamisi, najikuta nikiomba angalau mmoja wao ashikwe na mafua ili tupate sababu ya kuahirisha.

Kilichonishtua ni kikao kilichopita. Mchezaji mmoja alirusha dadu, ikasimama kwenye 20, namba ya juu kabisa, joka walilokuwa wakilisaka tangu mwaka juzi likaanguka, na meza nzima ikalipuka kwa shangwe hadi chai ikamwagika juu ya ramani. Mimi nilikuwa natazama saa. Sina ugomvi na yeyote. Hawa ni rafiki zangu wa karibu, na ndiyo maana naona haya kuwaambia. Je, nivunje kampeni, au nijikaze tuifikishe mwisho?

Dadu_Mfukoni
Pole sana, ndugu yangu. Usijikaze, kwa sababu msimulizi anayejikaza hujulikana: wanakijiji wake wote huanza kuongea kwa sauti moja. Ila kabla ya kuvunja, chunguza hizo jioni tatu zinakwenda wapi. Mimi niliwahi kuchora ngome ya vyumba 40, wachezaji wangu wakabaki sokoni kwa saa mbili wakibishana bei na muuza samaki niliyembuni papo hapo. Tangu siku hiyo naandaa ukurasa mmoja tu: nani anataka nini, na kitatokea nini asipozuiwa.

Bibi_wa_Ramani
Namheshimu mwenzangu hapo juu, lakini ukurasa mmoja hautoshi katika ngazi ya 13. Kwa kanuni za toleo la tano la mchezo huu, mchawi wa ngazi hiyo anaweza kujifunza uchawi wa kuwahamisha wenzake hadi mji wa mbali kwa kufumba na kufumbua, na safari uliyoiandaa wiki nzima ikaisha kabla chai haijapoa. Mapigano nayo hurefuka, na adui wote hao wanakumbukwa na mtu mmoja, yaani wewe. Joka limekufa, basi fungia hapo. Hapana aliyevunja kitu. Kisha wape Fiasco, mchezo uliotoka mwaka 2009, usio na msimulizi wala maandalizi, unaomalizika jioni moja. Unachezwa na watu watatu hadi watano, nanyi mko sita, kwa hiyo wa kubaki nje ni wewe. Ukalale.

Mchezaji_Tu
Sijawahi kukalia kiti hicho, ila naujua upande wa pili wa meza. Msimulizi wetu alinyamaza kama unavyonyamaza wewe, hadi Jumamosi moja akatuma ujumbe saa nane mchana kwamba kampeni imekwisha. Tulikaa miezi tukijiuliza nani kati yetu aliyemuudhi. Waambie ana kwa ana, tena kabla hamjaanza kucheza, maana baada ya kikao kila mtu anawahi matatu.

Msimulizi_wa_Jumamosi
Nawashukuru nyote. Jana niliwaambia kabla dadu hazijatoka mfukoni, sauti ikitetemeka kidogo, nakiri. Kimya kilidumu kiasi cha mtu kumimina chai, kisha yule anayemchezesha mchawi akatoa daftari: tangu Desemba amekuwa akiandika kisa chake cha mabaharia, akakificha kwa kudhani kiti hiki ni changu peke yangu. Tumekubaliana aendeshe vikao vinne, wahusika wakianza upya ngazi ya kwanza. Fiasco itafuata, Bibi, na usingizi wangu nimeshauwekea nafasi.

Jumamosi ijayo nitakuwa mchezaji kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu. Nina swali moja lililobaki: je, mhusika mwizi anamfaa mtu aliyekwisha kusahau kanuni zote za upande huo wa meza?