Natafuta njia tulivu za baiskeli kutokea Toulouse: vilima sawa, malori hapana

Bi_Pedali aliandika:

Wakuu habari za jioni. Naishi Toulouse, kusini mwa Ufaransa, mwaka wa pili sasa, na baiskeli yangu imezoea njia moja tu, ile ya kando ya Canal du Midi. Tambarare, miti, bata, narudi nyumbani. Nimechoka na bata.

Mwezi wa sita nina likizo ya siku nne. Nataka vilima, lakini si vile vya Pyrenees ambako unapitwa na watu wenye mapaja kama magogo. Nataka vijiji, kupanda na kushuka, kimya cha kunifanya nisikie mnyororo wangu mwenyewe. Kilometa 50 au 60 kwa siku zinanitosha.

Kinachonitisha ni magari. Mwezi wa nne nilifuata ramani ya simu, ikanipeleka kwenye barabara iliyoandikwa D. Nilikuwa nimeambiwa kwamba D ndizo barabara ndogo. Pembeni hapakuwa na nafasi hata ya kuweka mguu. Lori lilipita nikaona bora mtaro kuliko lami. Nilirudi kwa treni nikiwa na nyasi kwenye helmeti, na mtoto mmoja akinishangaa safari nzima.

Kwa hiyo naomba mambo mawili: niende wapi, na nitajuaje kwamba barabara ni tulivu kabla sijaikanyaga?

Fundi_Paa_46 aliandika:

Dada, pole na mtaro. Mimi naezeka mapaa huku Lot, mkoa ulio kaskazini mwa Toulouse, mwaka wa kumi na tisa sasa. Nina miaka 58, na goti la kushoto hutabiri mvua vizuri kuliko redio. Baiskeli napanda kila Jumapili, kwa hiyo vilima navichagua kwa makini kama mtu anayenunua viatu.

Nianze na swali lako la pili maana ndilo lenye uzito. Herufi D inakwambia tu kwamba barabara inatunzwa na mkoa. Mwaka 2006 serikali kuu iliwakabidhi mikoa barabara nyingi za taifa, zile za N, zikabadilishwa namba, lakini magari hayakubadilika. Mfano ni D820 inayopita mji wa Cahors: hiyo ni N20 ya zamani, njia ya kutoka Paris kushuka kuelekea Hispania. Ukiiona D ukadhani ni ya ng'ombe, utajuta.

Mimi naangalia jambo moja: je, barabara hii ina dada mkubwa? Maana yake, kuna barabara nyingine pana zaidi inayounganisha miji ileile? Kama ipo, dereva mwenye haraka atachukua ile, na mdogo mtu anabaki kuwa wako. Kama hakuna nyingine bondeni, basi lori la maziwa, basi la shule, watalii na wewe mtabanana humohumo hata kama kwenye ramani inaonekana nyembamba kama uzi.

Nunua ramani ya karatasi ya Michelin ya eneo hilo. Nyekundu usiguse. Njano pita alfajiri au Jumapili. Nyeupe ndizo zetu. Utaona pia vishale vidogo juu ya barabara: kimoja ni mwinuko wa asilimia 5 hadi 9, viwili 9 hadi 13, vitatu zaidi ya 13. Kishale kinaelekea upande wa kupanda. Panga mzunguko wako ili vishale viwili uvishuke, usivipande. (Vitatu hata kushuka sivipendi. Breki zinanuka.)

Sasa pa kwenda. Panda treni Toulouse hadi Cahors, na rudi kwa treni kutoka Figeac. Katikati kuna mto Lot na mdogo wake, Célé. Kutoka Cahors ondoka mapema, kilometa za mwanzo zina magari, sitakudanganya. Ukifika Conduché, pale Célé inapomwagikia Lot, pinda kushoto uingie D41. Hiyo ndiyo niliyotaka uione. Inafuata Célé kupitia Cabrerets, Marcilhac, Brengues hadi karibu na Figeac, majabali upande mmoja, maji upande mwingine. Nyumba nyingine zimeegemezwa kwenye mwamba kabisa, fundi hakuhangaika na ukuta wa nyuma. Naziangalia kwa wivu wa kikazi.

Lakini umeomba vilima, na D41 peke yake ni laini mno. Kwa hiyo kila siku chomoka bondeni mara moja, panda barabara nyeupe hadi juu kwenye causse, yaani uwanda mkavu wa mawe ya chokaa. Ni kama mita 200 za kupanda, nusu saa ya kuhema, kisha dunia nyingine: mialoni mifupi, kuta za mawe zisizo na saruji, na kondoo weupe wenye duara jeusi kila jicho kama wamepakwa wanja. Huko mimi nimewahi kupita saa nzima bila gari hata moja. Kisha unashukia kijiji kingine mbele, mtoni.

Mambo matatu ya huko juu. Hakuna kijito, chokaa inameza maji yote, kwa hiyo jaza chupa mbili. Zikiisha tafuta makaburi: karibu kila kijiji kina bomba makaburini kwa ajili ya maua. Likiwa na kibao "eau non potable" usinywe, mwagia kichwa tu. Duka la mikate mara nyingi hufungwa Jumatatu, na maduka mengi hulala kuanzia saa sita mchana. Na ukiona kibao "gravillons", punguza mwendo kabla ya kona, si ndani ya kona. Wanamwaga lami, wanatupia kokoto, wanaacha magari yazishindilie. Mwaka juzi nilidhani nimezizoea. Nilizing'oa kiwikoni kwa kibano, mke wangu akiwa ameshika taa na kucheka.

Upepo_wa_Aubrac aliandika:

Namheshimu mzee hapo juu lakini Lot mwezi wa sita inaweza kuwa tanuri. Mimi ningekupeleka Aubrac: Laguiole, Saint-Urcize, Nasbinals. Uko juu ya mita 1,000 karibu muda wote, malisho hadi upeo wa macho, ng'ombe wa rangi ya ngano wenye pembe na macho kama ya bibi harusi. Jioni unakula aligot, viazi vilivyopondwa na jibini hadi vinavutika kama mpira, asubuhi unapanda mlima bila kulalamika.

Ukijisikia, endelea kaskazini hadi Cantal ukapande Pas de Peyrol, kipito cha mlimani chini ya kilele cha Puy Mary. Ni karibu mita 1,590, hakuna barabara ya mlimani iliyo juu zaidi katika Massif Central yote, yaani milima ya katikati ya Ufaransa. Majira ya baridi hufungwa kwa theluji. Mwezi wa sita huwa wazi.

Fundi_Paa_46 aliandika:

Aubrac ni pazuri, sibishi. Ila kijana, hujamwambia habari ya upepo, na jina lako lenyewe linakusuta. Pia hakuna treni inayopanda kule juu, na dada ana siku nne tu. Peyrol naye si mtulivu: kuna pikipiki, na magari ya kulala ya watalii yanayoshindwa kupishana. Mtu aliyetoka mtaroni juzi tusimpeleke huko.

Mwendo_Pole aliandika:

Naongeza ya sheria, maana polisi wa barabarani hawajali kama wewe ni mgeni. Gari likikupita nje ya mji linatakiwa kukuachia mita 1.5, mjini mita 1. Visikizio masikioni ni marufuku, faini euro 135, hata kimoja. Usiku au kwenye ukungu nje ya mji lazima kizibao kinachong'aa. Na kijijini, gari linalotokea kulia kwako lina haki ya kupita kwanza pasipokuwa na kibao kinachosema vingine, hata kama limetoka kwenye kichochoro kinachofanana na ua wa mtu. Hili la mwisho ndilo linaloangusha watu.

Bi_Pedali aliandika:

Asanteni sana. Mzee, nimenunua ramani leo mchana na nimeitandaza sakafuni, paka kalala juu ya Figeac. Naanza kuwaona hao dada wakubwa na wadogo zao. Ile barabara iliyonitupa mtaroni? Nyekundu.

Maswali mawili tu. Gia yangu kubwa ya nyuma ina meno 28, itatosha? Na baiskeli kwenye treni inakuwaje?

Fundi_Paa_46 aliandika:

Mbele ndogo ina meno mangapi? Kama ni 34, utapanda, ila utaguna. Kwa siku nne na mizigo ningeweka 32 nyuma. Muulize fundi kwanza kama kibadilishio chako cha nyuma kinafika huko, vingi vyenye mkono mfupi haviwezi. Na kama fremu inaruhusu weka tairi za milimita 28 au 32. Zile nyembamba kwenye barabara nyeupe zinakutikisa hadi meno ya kinywani, achilia mbali ya gia.

Treni: zile za mkoa, TER, kwa kawaida zinabeba baiskeli nzima. Angalia tu kama safari yako inadai kuhifadhi nafasi, wakati wa likizo nyingine hudai. Treni za masafa marefu, nafasi ya baiskeli unailipia mapema. Usifike stesheni dakika ya mwisho na mizigo minne imening'inia.

Kituo cha kwanza lala Cabrerets. Pango la Pech Merle liko hapo juu ya kijiji, lina michoro ya farasi wa madoadoa ya kale sana. Weka nafasi kabla hujaondoka nyumbani, idadi ya wageni kwa siku ina kikomo. Kutoka kijijini hadi mlangoni ni mlima mfupi wenye hasira. Ushuke usukume, hakuna atakayekuona.

Bi_Pedali aliandika:

Nimeshaweka, saa nne asubuhi. La mwisho kabisa mzee wangu: nikipotea huko juu kwenye causse na simu haina mtandao?

Fundi_Paa_46 aliandika:

Kati ya mito hiyo miwili huwezi kupotea sana. Fuata barabara yoyote inayoshuka hadi uone maji. Yakiwa mapana na yana mashua, ni Lot. Yakiwa membamba na yana watoto kwenye mitumbwi ya kukodi wanaogongana na kupiga kelele, ni Célé, umefika.