Mtandao wa wauza dagaa Mwaloni: baadhi nawajua kundi lao, naiambiaje kompyuta?

mtu_wa_nyegezi: Wakuu habari zenu, naombeni msaada. Nina mtandao wa nani anauziana dagaa na nani soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, wavuvi, wachuuzi, madalali wote ni nodi (nukta za mtandao), nimeupitisha kwenye Louvain (njia ya kompyuta ya kugawa mtandao kwenye makundi) inatoa makundi ila watu wa kisiwa cha Ukara wote wamemezwa na kundi la Ukerewe, na kuna wachache nawajua kabisa wako kundi gani. Nawatumiaje hao bila kupanga wote kwa mkono?

kaka_data: Inawezekana mkuu. Louvain inasaka modulariti kubwa (kipimo cha jinsi watu wa kundi moja walivyoungana wao kwa wao kuliko ingetokea kwa bahati tu), na Fortunato na Barthélemy walishaonyesha 2007 kwamba kwa njia hiyo, mtandao ukiwa mkubwa vikundi vidogo vinamezwa hata kama vimeshikana vizuri. Jaribu kusambaza lebo (lebo ni alama ya kundi), kila nodi inachukua lebo ya majirani zake walio wengi, inarudia hivyo mpaka zitulie. igraph (maktaba ya programu ya kuchambua mitandao) inakuruhusu kuweka lebo za kuanzia, usiowajua unawapa namba hasi, halafu unaowajua unawafunga wasibadilike. Ila hakikisha kila kundi lina angalau mmoja mwenye lebo, la sivyo hilo kundi litabebwa na jirani yake yaleyale ya Ukara.

mama_wa_igombe: Naongezea, dalali usimfunge!! Yule ananunua kwa kila mtu, ukimbandika lebo ya Ukara atavuta mpaka watu wa Kome. Funga mvuvi mwenye wateja wake walewale. Na kama hujui mtu ni wa kundi gani ila unajua hawa wawili hawawezi kukaa pamoja, hiyo nayo ni taarifa, zipo njia zinazopokea jozi za hivyo, ila iwe adhabu tu ukiivunja na sio marufuku kabisa maana aliyekupa habari naye anaweza kukosea

mtu_wa_nyegezi: Asanteni sana. Sasa nitajuaje kwamba hainirudishii tu nilichoilisha?

kaka_data: Wafiche baadhi ya unaowajua, usiwape lebo, uone wanaangukia wapi, kisha ubadilishe unaowaficha.

mama_wa_igombe: Na angalia tarehe za data yako. Siku za mbalamwezi boti nyingi za dagaa haziingii ziwani, kwa hiyo kama ulikusanya wiki hiyo mauziano mengi hayamo kabisa na hakuna lebo itakayoyarudisha, chukua mwezi mzima.