Pengo la kipato duniani linapanuka au linapungua? Vitabu viwili vimenichanganya

Msomaji wa Usiku

Wakuu, habari za saa hizi. Mimi ni fundi umeme, uchumi sijausomea popote. Nasoma usiku watoto wakishalala, penseli mkononi, na miezi minne sasa nahangaika na kile kitabu cha Thomas Piketty kuhusu mtaji, kilichotoka Ufaransa mwaka 2013. Nimefika nusu. Nilichoshika ni kwamba faida ya mali ikikua haraka kuliko uchumi mzima, aliyerithi anazidi kumwacha anayeishi kwa mshahara. Nikaelewa, nikaamini, kwa sababu nyaya nazofunga kwenye nyumba za watu zinanionyesha hivyo kila siku.

Halafu nikaazima cha Branko Milanovic cha 2016, kinachohusu dunia nzima. Huyu anasema tofauti ya kipato kati ya watu wote wa dunia imeanza kupungua. Ana mchoro wenye umbo la tembo ambao nimeutazama mpaka macho yakauma. Mmoja pengo linapanuka, mwingine linapungua, na wote wana majedwali. Nani mkweli? Naomba mnijibu kama mnavyomjibu mtu anayetaka kweli kujua.

Kalamu Nyekundu

Mkuu, wote wawili wakweli. Hawapimi kitu kimoja.

Piketty anaingia ndani ya nchi moja moja na kuuliza walio juu wanachukua fungu gani. Milanovic anafuta mipaka na kuwapanga binadamu wote kwenye foleni moja. Mamia ya mamilioni ya watu China walipopanda kutoka chini, foleni ya dunia ilijibana. Lakini ndani ya China yenyewe, miaka hiyohiyo, waliopanda haraka waliwaacha wenzao mbali. Mambo hayo mawili yalitokea kwa wakati mmoja, na ndiyo maana vitabu vyako vinaonekana kugombana.

Huo mchoro wa tembo usome hivi. Chini kuna foleni, kutoka maskini kabisa kushoto hadi tajiri kabisa kulia. Urefu wa mstari ni kiasi ambacho kipato kilikua kati ya 1988 na 2008. Mgongo uko katikati ya foleni, na wengi hapo ni watu wa Asia. Ukifika karibu na asilimia ya 80 mstari umeshuka hadi jirani na sifuri. Hapo wamejaa watu wa kipato cha chini na cha kati wa nchi tajiri. Kisha mkonga unanyanyuka, nao ni asilimia 1 ya juu. Angalia tu usidhani mchoro unamfuata mtu yuleyule. Aliyekaa nafasi ya 80 mwaka 2008 huenda hakuwa hapo mwaka 1988.

Jingine, na hili nawasisitizia wanafunzi wangu hadi wanachoka: anza na sura inayoeleza takwimu zimetoka wapi. Piketty anategemea sana kumbukumbu za kodi, Milanovic anategemea tafiti za kaya. Mtafiti akibisha hodi, tajiri mkubwa mara nyingi hafungui. Kodi nazo hazimwoni aliyeficha mali, wala maskini asiyefikia kiwango cha kulipa.

Binti Sera

Naongezea moja, kaka Msomaji, kwa sababu una penseli. Utakutana kila ukurasa na kipimo cha pengo kiitwacho Gini, alichokitunga Mtaliano Corrado Gini mwaka 1912. Sifuri maana yake wote sawa. Kikikaribia moja, mtu mmoja amebeba karibu vyote.

Chukua watu kumi na shilingi 100. Kundi la kwanza, mtu mmoja anachukua 50, tisa wanagawana 50 sawasawa. Kundi la pili, watano wanagawana 90, watano wengine wanagawana 10. Watu wakiwa wa madaraja mawili tu, Gini ni fungu la fedha la walio juu, ukitoa fungu lao la watu. Piga hesabu uone.

Nimeandika ripoti za sera kwa miaka, na inaniuma namba hiyo moja inavyopelekwa mezani peke yake, watu wakaamua nayo.

Mzee wa Maktaba

Baada ya hapo msome Amartya Sen, kile cha 1981 kuhusu umaskini na njaa. Ni kifupi. Anaichambua njaa ya Bengal, India ya enzi ya Waingereza, ya 1943, ambayo aliiona kwa macho yake akiwa mtoto wa miaka tisa. Anaonyesha kwamba mwaka 1941 chakula kilikuwa kichache zaidi na njaa hiyo haikutokea. Mwaka 1943 bei ilipanda, ujira wa vibarua wa mashambani ukabaki nyuma, na wakafa wakati chakula kipo. Ukitaka la kufanya, soma kitabu cha Anthony Atkinson cha 2015: mapendekezo 15, na anawajibu pia watakaoyapinga.

Msomaji wa Usiku

Asanteni sana, jamani. Dada Binti Sera, nimepiga hesabu mara mbili. Makundi yote mawili ni 0.4! Lakini wa chini kwenye kundi la kwanza ana shilingi tano na nusu hivi, na wa kundi la pili ana mbili tu. Nimekaa na hizo mbili muda mrefu.

Mzee, shikamoo. Sen naanza naye kesho. Mwalimu Kalamu, hao matajiri wasiofungua mlango, wanawajazaje kwenye hesabu?

Kalamu Nyekundu

Wanachukua walio juu kutoka kwenye kodi, walio chini kutoka kwenye tafiti za kaya, kisha wanaunganisha. Penye kodi zisizotosha wanakadiria kwa mkunjo wa Pareto, yaani mstari wa hesabu unaokisia vipato vya walio juu kabisa. Ni makisio ya uangalifu, na mwandishi mwaminifu atakuonyesha mshono ulipo. Piketty na wenzake wameweka mafaili yao wazi mtandaoni. Fungua moja uutafute.