Wanatangaza mashine ya gemu saa tisa mchana, saa mbili usiku wanauza! Sisi tulio kazini tununue lini?

Wakuu, hili nimeshindwa kulinyamazia. Tetesi za konsoli zijazo, yaani mashine za gemu, zimeshaanza kuzagaa, na naona watu wanashangilia eti siku hizi habari inatufikia papo hapo. Inamfikia nani akiwa na nafasi ya kuitumia?

Septemba 16, 2020. Naishi Houston, nafanya shifti ya jioni ghalani. Saa tisa mchana nilikaa na mwanangu tukaangalia Sony wakitangaza bei ya konsoli yao mpya, PS5: dola 499, na 399 kwa ile isiyotumia diski. Wakasema oda zitaanza kupokelewa kesho yake. Na kumbukeni, Julai mkubwa wao mmoja, Eric Lempel, alishasema hadharani kwamba oda hazitafunguliwa kwa taarifa ya dakika moja. Nikamwambia mtoto, "Kesho asubuhi tunaweka oda, mimi na wewe." Nikaenda kazini, simu nikaifungia kwenye kabati kama tunavyotakiwa.

Jioni ileile maduka yakaanza kuuza! Walmart waliandika Twitter waziwazi kwamba kesho ni ya maduka mengine, wao wanafungua usiku huohuo, saa mbili kwa saa za kwetu. Natoka saa sita usiku, nawasha simu, meseji 14 za mwanangu. Ya kwanza: "Baba wamefungua." Ya mwisho: "Baba zimeisha." Nikakaa kwenye gari nikazunguka duka baada ya duka mtandaoni. Duka moja likanikubalia, mashine ikaingia kikapuni, nikajaza namba za kadi, nikabonyeza kulipa. Ukurasa ukaganda. Uliporudi, kikapu kitupu.

Siku tatu baadaye Sony wakaomba radhi. Radhi ya nini, wakati mzigo umeshabebwa na walanguzi? Programu zao hazina shifti wala hazilali. Zinachungulia ukurasa wa duka kila sekunde, zinalipa kabla wewe hujamaliza kuandika anwani. Tukaja kuziona mashine hizohizo zinauzwa zaidi ya dola 1,000. Mimi yangu niliipata 2022, na mtoto alishaacha kuuliza.

Na mtu asiniambie hakuna njia nyingine. Mwaka 2025, kwenye duka lao wenyewe la Marekani, Nintendo walipouza konsoli yao ya Switch 2 waliwatanguliza wateja waliolipia huduma yao ya mtandaoni miezi 12 au zaidi na kucheza angalau saa 50. Japani walichezesha bahati nasibu, watu milioni 2.2 wakaomba, na rais wao Furukawa akatoka mwenyewe kuwaambia mapema kwamba wengi watakosa. Kukosa kwa kura nakubali. Hata kwenye maduka ya kawaida huku, siku ya oda, Aprili 24, ilitangazwa siku kadhaa kabla. Tovuti zilizidiwa, ndiyo, lakini mimi nilijua siku, nikaomba ruhusa kazini.

Kwa hiyo nawaambia Sony, Microsoft na wengine wote: tajeni siku na saa wiki mbili kabla, na duka litakalofungua mapema lisipewe mzigo wa kwanza. Na nyie mliokuwa kazini usiku ule wa Septemba, andikeni hapa chini mlitoka saa ngapi na mlikuta nini.